Ndoto za mbwa na nyoka ndani ya nyumba: usimtafutie mtu humo

Kaka mleta mada, nimesoma maelezo yako na ya waliokujibu. Kwa wanaoingia sasa: tangu mama mkwe wake aje kutoka Songea kwa matibabu na kukaa kwao, kaka anaota mbwa mweusi amelala mlangoni pa chumba chake na mkewe, haumi wala habweki, ila hampishi. Mara nyingine ni nyoka chini ya kapeti la sebuleni, haonekani, kapeti tu linajongea. Mfanyakazi mwenzake kamwambia mbwa ni adui wa ndani, amchunguze mkwewe. Mwingine humu kampa namba ya mtaalamu. Anauliza kama kuna ukweli.

Mimi ndoto yako naiamini, tafsiri uliyopewa siiamini. Nyumba yenu ina mvutano na ndoto imeugusa, hilo halina ubishi. Lakini ndoto haina uwezo wa kukutajia jina la mtu, na yeyote anayekuuzia jina anakuuzia kitu ambacho hana.

Nimelelewa Pangani na bibi mzaa mama. Alikuwa akichoma vitumbua barazani alfajiri, na wateja wake, wake kwa waume, walikuwa na tabia ya kukawia pale wakisubiri sinia la pili huku wakimwaga ndoto zao. Hakuwa mganga, wala hakuchukua senti ya mtu. Ila alikuwa na namna yake ya kuuliza, na ndiyo niliyobaki nayo mpaka leo. Mtu akisema, "Bibi, nimeota nyoka," yeye haulizi nyoka gani wala rangi gani. Anauliza, "Kaingilia wapi?" Halafu, "Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

Kuna mama mmoja namkumbuka, mke wa mwenye duka jirani yetu. Kaja kakunja uso. Kaota kenge kaingia jikoni kwake, kapanda mpaka kwenye kapu la mayai, anayafyonza moja moja. Waliokuwepo wote wakadakia: huyo ni mwizi, una mwizi ndani. Mmoja akaanza kumtaja msichana wa kazi. Bibi akageuza vitumbua vyake kwanza, akamaliza, ndipo akauliza.

"Jikoni alikuwepo nani?"

"Mimi peke yangu."

"Ulimfukuza?"

Yule mama akanyamaza kidogo. "Hapana. Nilimshikia kapu."

Hakuna aliyedakia tena. Bibi akamfungia vitumbua vyake kwenye gazeti, akamwambia, "Basi kamwambie mwenye mayai," na hakuongeza neno. Nilipokuwa mkubwa ndipo mama yangu aliponipa kisa kizima: yule mama alikuwa akichota pesa za duka kumpelekea kaka yake aliyekuwa na kesi, na mumewe hajui. Sasa niambieni, angerudi nyumbani na ile tafsiri ya kwanza, yule msichana wa kazi angelala wapi usiku ule?

Nimeona mchangiaji mmoja kabandika ukurasa mzima wa vitabu vinavyouzwa kwa jina la Ibn Sirin, mwanachuoni wa zamani anayesifika kwa kutafsiri ndoto: mbwa ni adui dhaifu, paka ni mwizi, nyoka ni adui anayeficha uadui wake, nyoka akiwa kitandani ni mke. Sivibezi vitabu hivyo, kwetu vimesomwa miaka mingi. Lakini mjue Muhammad ibn Sirin aliishi Basra na kufariki mwaka 110 Hijria, na hivyo vitabu vya orodha vilikusanywa na watu waliokuja baada yake. Alichopokea yeye mwenyewe kutoka kwa Abu Hurayra, sahaba wa Mtume, na kimo ndani ya kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim, ni hadithi inayozigawa ndoto mafungu matatu: bishara kutoka kwa Mwenyezi Mungu, huzuni anayoitia shetani, na yale mtu anayojisemesha mwenyewe nafsini. Yaani huyo huyo ambaye jina lake mnalitumia kuwapa watu maadui ndiye aliyetupokelea kwamba fungu zima la ndoto ni mazungumzo yako na nafsi yako. Fungu hilo la tatu ndilo ninaloliona kwenye habari zako.

Na kuna kisa chake kinachosimuliwa sana. Watu wawili walimjia kwa nyakati tofauti, kila mmoja kaota anaadhini. Mmoja akamwambia utahiji, mwingine akamwambia utaiba ukatwe mkono. Alipoulizwa kwa nini, akasema aliwatazama wenyewe. Ndoto moja, watu wawili, tafsiri mbili. Sasa wewe unapochukua "mbwa ni adui" kutoka kwenye simu, nani aliyekutazama? Mbwa wa mtu aliyekulia Marangu akilala na mbwa uani si mbwa wa mtu wa Pangani aliyefundishwa tangu utotoni kwamba mbwa akimlamba ni kuosha mara saba. Mmoja akiota mbwa kalala mlangoni anaona kulindwa, mwenzake anaona najisi.

Tena kama mnataka mfano wa mnyama na ugomvi wa nyumbani, upo katika Sura Yusuf na tunaupita kila tunapoisoma. Yakubu anasita kumtoa Yusuf aende na kaka zake, anasema nachelea asije akaliwa na mbwa mwitu. Baadhi ya wafasiri wanaeleza kwamba aliota mbwa mwitu akimshambulia mwanawe. Jioni wanarudi wanalia, na kanzu ina damu ya uongo, wanasema kaliwa na mbwa mwitu. Mbwa mwitu mwenyewe hakumgusa mtoto. Kilichokuwa kinamla Yusuf ni wivu wa sufuria moja, na mnyama aliwekwa mbele ili wivu usionekane. Ukiisoma hivyo, unaona pia kwa nini baba yake alimwambia mapema asiwasimulie kaka zake ndoto yake. Wewe kaka umeshamsimulia mfanyakazi mwenzako, na sasa watu wa ofisini kwako wanamjua mama mkwe wako kwa sura ya mbwa.

Nije kwangu. Nilipoolewa tulipanga Mbagala, vyumba viwili na sebule. Wifi yangu akaja kutafuta kazi, akakaa. Simsemi vibaya, tulikuwa tunasukana nywele na kucheka. Lakini nikaanza kumuota ng'ombe. Mwekundu, mkubwa, amesimama kwenye korido, kichwa kimeelekea chumbani kwetu na mkia jikoni. Mimi nimeshika sufuria ya wali inatoka motoni, nimeishika kwa pindo la kanga, nataka kupita niipeleke sebuleni. Mume wangu anapita chini ya tumbo la ng'ombe kama hamna kitu. Wifi naye anapita. Mimi tu ndiye siwezi, na vidole vinaungua, na siwezi kuiweka sufuria chini kwa sababu hapana nafasi. Naamka mikono imekakamaa.

Kwenye cherehani pale tulipokuwa tukishona, kila mtu alikuwa na lake. Mmoja: ng'ombe ni mizimu ya upande wa mume inadai. Mwingine: ng'ombe ni mali, unapata neema. Wa tatu akaniuliza kwa sauti ya chini, huyo wifi yako ametokea wapi hasa? Hapo ndipo nilipoona jinsi mambo yanavyoanza.

Nikajiuliza maswali ya bibi. Kaingilia wapi? Hakuingia, nilimkuta ndani, kama ambaye siku zote yupo. Kafanya nini? Hakufanya lolote, hana hata kosa. Nani anamuona? Mimi peke yangu. Na mimi nilikuwa nafanya nini? Nimebeba kitu cha moto na sisemi kwamba kinaniunguza. Kufika hapo sikuhitaji mtaalamu. Mwezi ule umeme ulikuwa unaisha kabla ya wakati kwa sababu ya pasi na birika la umeme, na kila ukiisha mita inalia, watu wote wanatazama dari, mimi nanunua LUKU kwa pesa yangu ya ushonaji. Nilishagusia siku moja, mume wangu akasema "si umeme tu," nikameza. Kumbe nilikuwa nimemeza mengi: mafuta ya kupikia, nauli ya wifi ya kwenda kwenye usaili, nusu ya kodi.

Sikumwambia mume wangu habari za ng'ombe. Ningemwambia, mazungumzo yangekuwa ya ng'ombe, na baada ya ng'ombe yangekuwa ya dada yake. Nilimpa simu yangu nikamwomba asome meseji za LUKU, zote zimelipwa kutoka namba yangu. Akazisogeza moja moja mpaka akachoka. Tukagawana: yeye umeme na kodi, mimi chakula, wifi akipata chochote atanunua gesi. Wifi alininunia vizuri tu, akasema si ungeniambia mwenyewe, kwani mimi simba? Ilichukua muda tukarudi kusukana. Na ng'ombe hakuhama moja kwa moja. Mpaka leo nikibanwa anakuja, tumeshahamia kwetu na korido ni nyingine lakini anaijua njia. Akija, kwanza nakagua ni kitu gani nabeba bila kusema.

Watoto nao muwasikilize. Mwanangu alipokuwa chekechea alianza kuamka analia kwamba mbwa wanapigana chini ya kitanda chake. Sisi tulikuwa katika kipindi cha kugombana kwa minong'ono, tukiamini kwamba kwa kuwa hatupazi sauti basi mtoto hajui. Ukuta wenyewe wa mbao. Mtafiti mmoja wa Marekani, Robert Van de Castle, aliyekusanya ndoto za watu wa rika mbalimbali, alionyesha kwamba watoto wadogo huota wanyama kuliko watu wazima, na kadiri wanavyokua wanyama wanapungua. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitano akisema mbwa wanapigana, usikimbilie kumfunga hirizi. Mtoto hana msamiati wa kusema baba na mama wamenuniana tangu Ijumaa. Ana mbwa.

Kabla ya yote hayo, angalieni pia vitu vya kawaida kabisa, maana hapa watu mnaruka hatua. Usingizi unaoleta ndoto nyingi, ule macho yanapochezacheza chini ya kope, uligunduliwa Chicago mwaka 1953, na unazidi kuelekea alfajiri. Anayeamshwa wakati huo, iwe na adhana, na kichanga au na mgonjwa anayekohoa chumba cha pili, anaondoka na ndoto mkononi. Nyumba yenye mgeni mgonjwa inakuamsha mara nyingi zaidi usiku, kwa hiyo utakumbuka ndoto nyingi zaidi. Haina maana kwamba zimeanza jana. Sauti nazo zinaingia ndotoni: paka wakigombana juu ya bati, panya wakikimbizana darini. Nilishawahi kuota nyani wanatwanga juu ya kichwa changu, kumbe jirani ananyofoa misumari ya bati.

Na dawa. Mjomba wangu, mtu mpole, alianza kuota anakimbizwa na nguruwe pori, anapiga mateke mpaka shangazi akahamia chumba cha watoto. Familia ikagawanyika, wa upande huu wanasema shangazi kamfanyia jambo. Daktari alipokiona kikopo cha dawa za moyo, propranolol, akasema dawa hii baadhi ya watu inawaletea majinamizi, akambadilishia, nguruwe wakaondoka. Mefloquine, dawa ya kujikinga na malaria, inajulikana kwa hilo. Efavirenz, iliyokuwa ikitumiwa na watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI kabla ya nchi nyingi kuhamia dolutegravir, ilikuwa maarufu kwa ndoto kali zenye rangi kama sinema. Fikirieni ni ndoa ngapi zilizotikiswa na kidonge cha usiku, mtu anaamka anamtazama mwenzake kwa jicho baya na hawezi hata kusema kwamba anameza dawa. Nasisitiza, usiache dawa kwa sababu yangu. Nenda uulize aliyekuandikia.

Sasa huyu mtaalamu uliyepewa namba yake. Mtaa wa pili kutoka kwetu kuna ndugu aliyeota nyoka amejikunja kwenye jagi la maji. Akaenda kwa mmoja wao. Akaambiwa: ni mtu wa damu, mnakula naye, ni mtu mzima, na hapendi maendeleo yako. Tazameni maneno hayo vizuri. Yanamwenea kila mtu mzima katika kila nyumba ya Tanzania. Yule ndugu akarudi na jina lililokwisha kujaa kichwani mwake kabla hajatoka, na mama wa mkewe akapakiwa kwenye basi la Korogwe na begi lake asubuhi yake, bila kuagwa. Nyoka hakuondoka kwenye jagi. Kilichokuwepo ni mkopo wa vikoba ambao mke alikopa na mume alijua nusu yake, na kila siku ya marejesho walikuwa wanakunywa maji kimya mezani. Mkopo ulilipwa. Yule mama hakurudi tena, hata kwa msiba.

Na hiyo ni salama. Kule Kanda ya Ziwa tunajua vikongwe waliouawa kwa mapanga kwa sababu mtu aliugua au aliota, mganga akaagua, na bibi akakutwa na macho mekundu, mekundu kwa moshi wa miaka yote aliyopikia kinyesi cha ng'ombe. Mlolongo ule huanza na swali dogo la sauti ya chini, kama lile la mwenzangu pale kwenye cherehani.

Msidhani ni waganga wetu tu wanaojenga ghorofa juu ya ndoto ya mnyama. Sigmund Freud mwaka 1918 alichapisha habari za Mrusi mmoja aliyeota akiwa mdogo kwamba dirisha limefunguka lenyewe na mbwa mwitu weupe wamekaa juu ya mti wanamtazama. Freud akaichambua mpaka akafika kitandani kwa wazazi wa mtoto, kwenye tukio ambalo mtoto angelikuwa kichanga. Mgonjwa mwenyewe uzeeni alisema tafsiri ile ilikuwa imevutwa mbali mno. Msomi mwenye miwani naye akitaka jina atalipata.

Turudi kwako kaka, na haya ninayosema uyapime mwenyewe maana mimi simo ndani ya nyumba yako. Umesema mbwa yuko mlangoni pa chumba chenu, haumi, hapishi, na wewe umesimama na ndala mkononi unasubiri. Hiyo ndala ndiyo iliyonishika mimi. Hukusema unataka kumpiga nayo. Unasubiri kwa adabu. Mwanamume anayekaa nyumba moja na mkwewe anajua ninachosema: huwezi kutoka bafuni na taulo, huwezi kucheka na mkeo kwa sauti, huwezi kugombana naye, hata kukohoa unapima. Chumba chenu na chake vinatenganishwa na tofali la nchi tano. Mimi nikimtazama mbwa huyo naona heshima ya mkwe, ambayo wewe mwenyewe umeilaza pale mlangoni na huthubutu kuiambia isogee. Mama wa watu analala zake na vidonge vyake, hana habari.

Nyoka wa chini ya kapeti ni habari nyingine kidogo. Umeandika kwamba kapeti linajongea na wote mnaendelea kutazama taarifa ya habari. Wote mnaliona? Kama wote mnaliona, basi kuna jambo ambalo watatu nyinyi mnalijua na hakuna wa kulitamka. Nakisia ni mawili: matibabu yanaisha lini, na nani analipa. Umegusia kwamba shemeji zako wako wanne na hujataja hata mmoja kuleta kitu. Huenda nimekosea, lakini ningeanzia hapo kabla ya kuanzia kwenye ubani.

Ongea na mkeo, na msiongelee nyumbani. Msindikize kliniki siku moja, mkae mahali mnywe chai, umuulize daktari kasema nini na yeye mwenyewe anaonaje. Usianze na ndoto. Ukimwambia "nimemuota mbwa tangu mama yako aje", hata uwe na nia njema kiasi gani, hutaweza kuifuta tena kauli hiyo. Suala la gharama usilipeleke kwa mkweo, si mahali pako. Kuna mshenga aliyekuposea, kuna kaka mkubwa wa mkeo, hao ndio wa kubeba maneno ya namna hiyo na ndiyo kazi yao. Na mlango wa chumba uwekeeni pazia zito na komeo jipya. Nasema kweli, komeo la elfu chache limewahi kunipumzisha kuliko kikao cha familia.

Kuhusu ndoto yenyewe, kama wewe ni Muislamu unajua la kufanya: ukiamka umeota kibaya, jikinge kwa Mwenyezi Mungu, tema kidogo kushotoni mara tatu, geuza ubavu, na usimsimulie mtu. Hili la mwisho ndilo tunaloliacha. Na kuna njia wanayoitumia wataalamu wa usingizi kwa majinamizi yanayojirudia, nimeijaribu kwa ng'ombe wangu na inasaidia: mchana, ukiwa macho, iandike ndoto kisha ubadilishe mwisho utakavyo, halafu ukae dakika kumi uupitishe huo mwisho mpya kichwani, kila siku. Mimi niliweka meza kwenye korido. Nikaitua sufuria.

Jambo moja nisiliache. Kama nyumbani kuna kupigwa, kutishiwa au mtoto kuguswa, usikae kutafsiri mnyama. Nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au ustawi wa jamii. Na wale mnaosema "nitamwacha kwa sababu ya ndoto", Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka shauri lipite kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya mahakama kulisikiliza. Nendeni mkawaeleze wazee wa baraza kwamba shahidi wenu ni nyoka.

Dada uliyeuliza huko juu kuhusu ndoto yako ya kumuua nyoka kwa mwiko wa ugali: vitabuni ni ushindi juu ya adui, na waliokupongeza wamesema hivyo. Lakini wewe mwenyewe umeandika kwamba alikuwa ameshakufa na hukuacha kupiga mpaka sakafu ikapasuka na watoto wakalia. Mimi hapo ningemwacha adui nikaangalia hasira, hasa kama asubuhi yake umeamka na kumfokea mtu asiye na kosa. Halafu umesema umeanza dawa ya presha mwezi huo huo. Rudi usome nilichoandika juu ya mjomba wangu, kisha chukua kikopo chako uende nacho hospitali, daktari alitazame jina la dawa pamoja nawe.